Adui wa Kukodi

Jeevan, adui wa picha, alikuwa ameshaporomoka gengeni, njiwa ameshafanya kazi yake, na wazee wawili walikuwa wamepatana huku muziki ukipanda, wakati mpwa wangu wa miaka 15 alipouliza swali ambalo limeninyima raha kwa wiki sita sasa.

"Mjomba, kwani baba yake Prem amelipa nini?"

Tulikuwa sebuleni kwa dada yangu, Tanga, Ijumaa usiku. Tulikuwa tumemaliza kutazama Maine Pyar Kiya, picha ya Kihindi ya mwaka 1989 ambayo mimi na mama yake tuliihifadhi kichwani miaka mingi kabla yeye hajazaliwa, na ambayo niliitafuta kwa makusudi ili nimwoneshe kwamba ujana wetu nao ulikuwa na mapenzi yake. Nilifungua kinywa kumjibu, nikakuta sina la kusema. Nilimtazama dada. Alikuwa ameinuka, anakusanya vikombe, ingawa kimoja bado kilikuwa na chai.

"Si umemwona naye amepigana," nilisema hatimaye.

"Kupigana si kulipa," alijibu, akachukua simu yake.

Tangu siku hiyo nimeitazama picha hii mara tatu, peke yangu, nikiwa na kalamu mkononi kama mtu anayekagua hesabu za duka.

Rupia 2,000

Wengi wenu mnaikumbuka kwa kofia yake na kwa njiwa anayepeleka barua, kwa hiyo sitaisimulia. Nataka kusimama mahali pamoja tu, mlangoni kwa Karan, kijijini, pale Prem, kijana wa kitajiri, anapofika bila gari na bila jina la baba yake, akimwomba binti.

Karan ni fundi wa magari. Alisafiri ng'ambo kutafuta fedha za kumwoza binti yake, Suman, akamwacha nyumbani kwa rafiki yake wa zamani, Kishen, baba yake Prem, ambaye sasa ni tajiri. Aliporudi alikuta binti amefukuzwa, na yeye mwenyewe akaambiwa usoni kwamba alimweka Suman pale kama chambo cha kuvulia mali. Katika picha nyingi za aina hii, mzee maskini aliyetukanwa hivyo huwa na njia mbili: ama hulia kwa furaha kijana anapotokea, ama humkimbiza kwa fimbo. Karan anafanya jambo la tatu. Anatoa sharti. Prem atafute rupia 2,000 kwa mwezi mmoja, kwa jasho lake, bila mkono wa baba, ndipo wazungumze habari za ndoa.

Sooraj Barjatya alikuwa na umri wa miaka 25 alipotoa picha hii, ya kwanza kwake kuiongoza, na sijui kama alitambua ukubwa wa alichokifanya katika sehemu hiyo. Siku zote tajiri ndiye mwenye mizani. Yeye ndiye anayeuliza kijana anafanya kazi gani, anasoma wapi, ukoo wake ni upi. Hapa mizani imehama mkono. Fundi wa magari ndiye anayempima mtoto wa mwenye viwanda, na anampima kwa kipimo cha watu wake mwenyewe: unaweza kuamka kesho ukafanya tena kazi iliyokuumiza jana?

Prem anaendesha lori, anavunja mawe machimboni. Salman Khan tunayemfahamu leo kwa misuli bado ni kijana mwembamba, na jua linampiga kikwelikweli. Mwezi unapoisha anazo fedha, lakini njiani Jeevan na wahuni wake wanamvamia ili wamuue, na ingawa anaokoka, zile fedha zinaharibika. Anafika mlangoni kwa Karan akiwa amejeruhiwa na mkono mtupu, anaomba apewe mwezi mwingine. Karan anamtazama kijana mwenyewe, habari ya noti anaiacha, na anakubali ndoa.

Kwangu mimi, picha imekwisha hapo.

Nina shaka moja tu juu ya sharti lenyewe, nayo ilinijia mara ya pili ya kutazama. Mtu anayejua kwamba kwao kuna nyumba yenye ngazi za marumaru, ambayo anaweza kurudi siku yoyote akiamua kunyenyekea, hawi maskini kwa kulala chini siku 30. Huwa amekwenda kuusomea umaskini, kama mtu anavyokwenda jando, akijua siku ya kutoka. Suman hakuwahi kupangiwa siku ya kutoka. Hata hivyo nadhani Karan alilijua hilo. Hakutaka Prem awe maskini. Alitaka mikono yake iache kuwa ya mwenye nyumba.

Lakini picha haikuisha hapo. Iliendelea, tena kwa kelele: habari ya uongo kwamba Karan amemuua Prem, kisasi, Karan kupigwa, Suman kutekwa, mapigano ya watu wengi, genge, njiwa. Kwa nini yote hayo, ikiwa swali la maskini na tajiri lilikwisha kujibiwa mlangoni?

Garib na amir

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu nilipoiona mara ya kwanza sikuwa na swali lolote la namna hiyo.

Ilikuwa mwaka 1992, Ngamiani, katika banda la video lililoezekwa kwa makuti. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo kwetu televisheni ilikuwa ni chombo cha deki tu. Mikanda haikuwa na maandishi ya kutafsiri. Palikuwa na kaka mmoja aliyekaa mbele kabisa akitueleza yanayosemwa, na leo ninapoelewa zaidi natambua kwamba nusu ya aliyotueleza aliyatunga mwenyewe, na pengine alitunga vizuri kuliko waandishi. Stelingi tulimjua bila kuambiwa. Adui naye tulimjua kwa namna alivyocheka.

Mengine tuliyasikia wenyewe, kwa sababu Kihindi na Kiswahili vimekopa katika chungu kimoja. Dunia ilikuwa duniya, wakati ulikuwa waqt, mahaba yalikuwa mohabbat. Na kila ugomvi ulipokaribia lilitokea neno garib, na mwenzake amir, mpaka sisi watoto tukadhani ni majina ya watu.

Garib kwa Kihindi ni maskini. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu gharib ni mgeni, mtu asiye wa hapo. Kiswahili nacho kinalo, gharibu, kwa maana hiyohiyo ya mgeni. Amir kwa Kihindi ni tajiri, nasi tunaye amiri, yule anayeamrisha jeshi. Yaani jozi ambayo Wahindi huisikia kama maskini na tajiri, sikio la pwani linaweza kuisikia kama mgeni na mwenye amri.

Nilipoyaweka maneno hayo juu ya picha, niliiona nyumba ya Kishen upya. Suman anaingia pale akiwa mgeni. Hata kama Kishen alimpokea kwa shingo upande, alimpokea, na mgeni ana heshima yake: ana chumba, ana nafasi mezani, mama wa nyumba anamwita binti. Siku anapopendwa na mtoto wa nyumba, ugeni unakwisha na umaskini unaanza. Ni msichana yuleyule mwenye nguo zilezile. Amiri hakumfukuza gharibu wa kwanza, alimfukuza wa pili, na ninashuku kwamba mwenyewe hakuona tofauti ilipoingilia.

Ngumi zina kazi gani

Sasa nirudi kwenye hesabu za mpwa wangu. Prem alilipa mwezi wa kazi na damu yake. Karan alilipa kwa kutukanwa, kisha akapigwa. Suman alifukuzwa, akatekwa. Jeevan alilipa roho. Nikabaki na safu moja isiyo na kitu, ya Kishen, mtu ambaye maneno yake ndiyo yaliyowasha moto wote.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini picha iliendelea baada ya kwisha. Karan na Prem walikuwa wamemaliza shauri lao, lakini Kishen alikuwa bado amesimama kwake, na matusi yake yakiwa hewani. Ili ayafute ingembidi aseme jambo zito sana kwa tajiri wa mwaka 1989, au wa mwaka wowote: kwamba alimdharau rafiki yake kwa sababu ya fedha, na kwamba wala hakudanganywa na mtu katika hilo. Picha haikutaka kumfikisha huko. Ikamtafutia mtu wa kubeba.

Jeevan yumo tangu mapema, ni kweli, ila mwanzoni ni kero ya kawaida ya kijana mwenye maringo. Sumu yake na ya mjomba wake Ranjeet ni ya masengenyo. Anageuka muuaji pale hasa tunapohitaji kusahau nani alisema nini sebuleni kwa Kishen. Akishamteka Suman, hakuna tena tajiri na maskini. Kuna watu wema upande huu na watu wabaya upande ule, na Kishen, kwa kukunja ngumi tu, amehesabiwa miongoni mwa wema. Ndiyo maana namwita Jeevan adui wa kukodi. Aliletwa kufanya kibarua cha siku moja, akafa, na dhambi ya mwenye nyumba ikaporomoka naye gengeni.

Na tazama ilivyopangwa kwa uangalifu: hata kumuua hakukuachiwa mkono wa mtu. Aliachiwa njiwa!

Nilidhani nimegundua kitu, mpaka nikaikumbuka Bobby ya Raj Kapoor, ya mwaka 1973. Kijana ni Raj, mtoto wa tajiri. Msichana ni Bobby Braganza, binti wa mvuvi Mkristo wa Goa. Baba wa kijana, Bwana Nath, anamtuhumu mvuvi kwamba amemtumia binti yake kumnasa Raj, na anataka kumpa fedha ili aachane nao. Ni tusi lilelile, miaka 16 kabla. Vijana wanatoroka, Nath anatangaza zawadi kwa atakayempata mwanawe, na tangazo hilo ndilo linalomwamsha mhuni anayewateka. Mnaona? Katika Bobby adui anakodiwa waziwazi, kwa fedha ya baba mwenyewe. Mwisho wapenzi wanajirusha majini kwenye maporomoko, wazee wanajitosa, tajiri anamwokoa binti wa mvuvi na mvuvi anamwokoa mtoto wa tajiri. Wakitoka majini wameshakuwa ndugu, na hakuna anayezungumzia zile noti.

Picha hiyo ina kisa kingine ambacho sikuwahi kukiunganisha nayo hapo awali. Februari 1977, India ikielekea kwenye uchaguzi baada ya miezi mingi ya hali ya hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi, televisheni ya serikali, Doordarshan, iliionesha Bobby Jumapili ileile wapinzani walipokuwa na mkutano mkubwa mjini Delhi. Ilieleweka kwamba lengo lilikuwa kuwafungia watu majumbani. Watu walikwenda mkutanoni hata hivyo. Nilicheka nilipokisoma kisa hicho kwa mara ya kwanza. Sasa sicheki sana, kwa sababu naona aliyechagua picha ile aliijua kazi yake. Usiku mmoja wa maporomoko ya maji, tajiri na maskini wakitoka wameloa na wamependana, ni mapumziko mazuri kwa watu wenye madai.

Cherehani barazani

Kuna jambo nimelizunguka tangu mwanzo, nalo ni kile kikombe kilichoondolewa kikiwa na chai.

Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja mwenye duka na malori, ambaye hakumtoza kodi ya mahali hata siku moja. Mfanyabiashara huyo alikuwa na mtoto wa kiume. Dada yangu alikuwa akimpelekea baba chakula cha mchana kila siku, na mengine mnaweza kuyajua wenyewe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa barua, kwa hiyo njiwa nilikuwa mimi.

Kijana alipowaambia wazazi wake, nilingoja kelele. Nilikuwa nimeshaona picha za kutosha kujua yatakayofuata.

Hazikutokea. Mzee alitoka dukani alasiri moja, akakaa kwenye fomu pembeni ya baba, akaagiza kahawa mbili. Akasema, "Fundi, hawa watoto bado wadogo, tusiwaharakishe. Mambo ya heri hayana haraka." Baba akasema, "Kweli, bwana mkubwa." Wakanywa kahawa. Miezi mitatu baadaye kijana alipelekwa Muscat kwa baba yake mdogo kujifunza biashara, na aliporudi mwaka uliofuata alirudi kwa ajili ya harusi yake. Kazi ya kushona nguo za watoto wa harusini alipewa baba, na alilipwa zaidi ya alichotaja. Vifungo alivishona dada. Ningeliona hilo kwenye picha ningesema mtunzi amezidisha.

Cherehani haikuhamishwa. Kodi haikudaiwa. Mzee aliendelea kumsalimia baba kila asubuhi hadi siku baba alipofariki, na msibani alileta gunia la mchele.

Hakuna aliyetekwa. Hakuna genge. Na kwa sababu hapakuwa na adui, hapakuwa na siku ambayo mzee yule angelazimika kukunja ngumi upande wetu. Nimekuja kufikiri kwamba ndiyo maana tulizipenda mno zile ngumi za mwisho bandani. Tulikuwa tunamshangilia stelingi, bila shaka, lakini tulikuwa pia tunashangilia ukweli kwamba hatimaye kuna mtu amefanya ubaya unaoonekana, ubaya unaoweza kupigwa.

Gunia la mchele

Nilikusudia kuishia hapo, nikiwa nimekasirika vizuri. Lile gunia la mchele ndilo lililonizuia.

Kwetu, ndugu waliokosana hupatanishwa na msiba mara nyingi kuliko wanavyopatanishwa na kikao. Watu wawili wasiosemezana miaka kumi hujikuta bega kwa bega chini ya jeneza moja, na wakirudi kutoka makaburini wanakula sinia moja, basi yamekwisha. Hakuna anayesimama kusema nilikosa. Wazee wengi wa pwani hawana sentensi hiyo kinywani, na tumewazoea hivyo, na hatusemi kwamba mapatano yao ni ya uongo. Msiba umewapa kazi ya kufanya pamoja, na kazi imesema kwa niaba yao. Kama ni hivyo, Jeevan ni msiba aliyevaa suruali. Picha ilimpa Kishen jeneza la kubeba.

Tena Kishen alikwenda kijijini akiamini kwamba mwanawe ameuawa. Katika hesabu zangu za kwanza nilikuwa nimeliruka hilo. Mzazi aliyeishi na habari hiyo, hata kwa saa chache, hawezi kuandikiwa sifuri.

Halafu nilitazama Sairat, picha ya Kimarathi ya Nagraj Manjule ya mwaka 2016, kwa sababu nilitaka kuona mapenzi ya namna hii yakiachwa bila msaada wa adui. Mle binti ndiye wa ukoo wenye nguvu, kijana ni wa tabaka la chini, wanatoroka, wanahangaika, wanajenga maisha, wanazaa. Na ndugu wa binti wanakuja na zawadi mkononi, wanakaribishwa chai, wanawaua wote wawili. Mtoto wao mdogo anabaki akitembea na nyayo za damu. Hapana jambazi wa kumtupia lawama. Adui ni kaka, tena mwenye heshima zake. Ni picha ya kweli kuliko ile ya 1989. Nilipoimaliza nilikaa gizani muda mrefu, na jambo la kwanza nililolitamani, naona haya kulisema baada ya yote niliyoandika, lilikuwa njiwa.

Swali la dada

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsomea dada rasimu ya makala haya, kwa sababu ndani yake kuna mambo yaliyo mali yake. Alisikiliza huku akichambua mchele. Alinitaka niondoe jina la yule kijana, nami nimeliondoa, na alinisahihisha kwamba hakuwa akipeleka chakula kila siku. Ijumaa baba alikula nyumbani.

Nilimwuliza anaonaje kuhusu sehemu ya Karan, kwa kuwa ndiyo niliyoiandika kwa mapenzi zaidi.

"Umeandika baba, baba, baba," alisema. "Baba wa kijana, baba wa binti. Huyo Karan alipompa kijana mwezi mmoja, alimuuliza Suman kama yuko tayari kungoja?"

Alisubiri kidogo, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Usiku huo niliirudisha picha hadi mlangoni kwa Karan, nikaitazama sehemu ile yote tangu mwanzo, mara hii bila kumwangalia Karan.